Baisikeli, Sikio na Fimbo Niliyoiacha

Nikifumba macho hivi namwona mjomba wangu Owino akitokea upande wa Katito na baisikeli mpya. Mimi nilikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Mjomba alikuwa amevaa suti ya kanisa, jasho linamtiririka mpaka kwenye tai, na ile baisikeli alikuwa anaisukuma. Aliitoa sokoni akiisukuma, akapita mbele ya nyumba za watu wote akiisukuma, na kila aliyemuuliza mbona hapandi alimjibu, “Bado ni mpya. Sitaki kuichosha.” Nyanya yangu alicheka mpaka akakaa chini. Mjomba hakujua kupanda, mwanangu, lakini hilo hangelisema hata umchape.

Sasa sijui kwa nini nimeanza na mjomba. Labda kwa sababu baisikeli ile ndiyo niliyojifunzia, na ndiyo iliyonileta Kisumu kubeba watu, enzi zile kabla pikipiki hazijajaa mjini. Na nitakuambia bila aibu: mjini hapa hapakuwa na mtu wa balansi kama yangu. Nilibeba kabati lenye kioo. Nilibeba mama, mtoto, jogoo na gunia la omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Asembo Bay, safari moja, na jogoo akashuka bado anawika. Akina mama Wakikuyu waliouza viazi soko la Kibuye walikuwa wananingoja hata kama wengine wako bure. “Huyu hamwagi,” walisema. Pale steji yetu, tulipokuwa tunangojea abiria, jina langu lilikuwa Mizani, na nilikuwa naitika.

Nilidhani balansi inakaa mikononi na mapajani. Shule niliiacha mapema, nani angeniambia inakaa ndani ya sikio?

Basi, nilishikwa na mafua makali, yakaisha. Siku chache baadaye nikaamka asubuhi nyumba inazunguka. Si kizunguzungu cha njaa, hapana. Ukuta ulikuwa unakimbia, nami nimeshika kitanda kwa mikono miwili nisianguke, na tayari nimelala! Nikatapika mpaka hakuna kitu.

Mke wangu Akinyi akasimama mlangoni. “Ulikunywa wapi?”

“Sijanywa.”

“Basi ni kitanda kimekunywa.”

Alinipeleka hospitali, wakanipa vidonge vya kuzuia kutapika, wakasema nivitumie siku chache tu kisha nirudi. Sikurudi. Kule kuzunguka kwenyewe kulikwisha baada ya siku kadhaa, lakini kila nikigeuza kichwa dunia ilikuwa inachelewa kunifuata, inayumba kama maji ndani ya ndoo. Vidonge vilinituliza, nikawa navinunua dukani kimyakimya. Nikakibana kichwa katikati ya mito miwili, nikawa sikigeuzi kwa mtu yeyote. Hata Akinyi akiniita, niligeuka mwili mzima kama kabati.

Nilipojaribu baisikeli, niliingia nayo moja kwa moja kwenye nyanya za mama mmoja hapo steji. Rafiki yangu Odongo, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wetu sisi wa baisikeli, aliniinua huku akicheka. “Omera, ndugu yangu, hata mizani huharibika!” Jioni hiyo alikuja nyumbani bila kicheko. Akaniambia wanachama wamesema nafasi yangu itashikiliwa mpaka Krismasi, na nikikosa kurudi atapewa mtu mwingine. Kanisani nako walikuwa wameanza kuniombea niache pombe. Mimi, ambaye sijawahi kuonja! Nikakata fimbo, kijana mzima na fimbo, nikajikokota hadi kliniki ya masikio.

Daktari alikuwa mzee mfupi mwenye sauti ya kuuza mitumba. Alininong’oneza sikio hili na hili, nikasikia. Akagonga chuma chenye meno mawili kinachoimba, akakiweka karibu na masikio yangu na katikati ya paji la uso, nikasikia sawa pande zote. Akaniambia niitazame pua yake, kisha akanigeuza kichwa ghafla. Kulia, macho yalibaki kwenye pua. Kushoto, yalitoroka kidogo, yakarudi mbio.

“Fumba macho. Piga hatua hapo hapo ulipo, usisogee.”

Nikapiga hatua kama askari. Kwa jaribio hilo nilijua hanipati.

“Fungua.”

Nilianza nikimtazama yeye. Sasa nilikuwa natazama dirisha lililokuwa mkono wangu wa kushoto.

“Nani amenigeuza?” nikauliza, na nilikuwa na hasira kweli.

“Sikio lako la kushoto.”

Akanieleza kwa lugha ya baisikeli, na sijasahau hata neno. Ndani kabisa ya sikio, kwenye mfupa, kuna kitu kilichojikunja kama konokono, hicho ni cha kusikia. Kando yake kuna mifereji mitatu midogo kama pete, ina maji, na maji yakicheza inajua kichwa kimegeukia wapi. Chini yake kuna vijifuko viwili vinavyojua umeinama au umesimama. Habari zote hizo zinapita kwenye neva moja kwenda kwenye ubongo, lakini ni kama nyaya mbili ndani ya mfuko mmoja, ya sauti na ya balansi. Kwangu mimi ile ya sauti ilikuwa nzima. Ya balansi ilikuwa imevimba baada ya yale mafua.

“Umewahi kupiga kasia upande mmoja tu?” akaniuliza.

“Mtumbwi unazunguka.”

“Basi. Ubongo wako unasikia upande mmoja, unadhani unageuka.”

Kisha akanigombeza, mwanangu, na mpaka leo namshukuru. “Umekifunga kichwa chako kama yai! Ubongo utajifunzaje kazi kama huutumii? Na hivyo vidonge ulivyozidisha vinaulaza, wakati sisi tunataka uamke. Vitupe.” Akanifundisha kutazama kidole gumba huku natikisa kichwa, na kutembea nikigeuza kichwa kushoto na kulia.

“Na baisikeli?”

“Utaisukuma kwanza.”

Nilicheka mpaka akadhani kizunguzungu kimerudi. Mjomba Owino alikuwa amenitangulia.

Basi nikaisukuma, barabara ya kuelekea Dunga kila asubuhi, kichwa kinakwenda huku na huku kama kuku. Mwanzoni nilitapika kando ya njia. Watu wakaniuliza, “Bwana, umepoteza nini?” nikawajibu, “Balansi, ukiiona niitie.” Mwezi ukapita, nikapanda. Krismasi haijafika, nikambeba Odongo mwenyewe, mwenyekiti na tumbo lake lote, kutoka steji mpaka Kibuye na kurudi. Aliposhuka alisema neno moja tu mbele ya wote: “Mizani.” Nafasi ikabaki yangu.

Mwanangu, kizunguzungu kikikupata, kapimwe, kisha ufanye ulichoambiwa, usijifunge kitandani. Lakini kikija pamoja na uso kulegea, ulimi kuwa mzito au mkono kufa ganzi, hapo usimwite hata jirani kushauriana, kimbia hospitali. Sikio moja likizima ghafla, usingoje Jumatatu, dawa yake haipendi kuchelewa. Likipungua kusikia polepole na kuvuma, lipimwe pia, wakati mwingine ni uvimbe umeikalia ile neva. Na hizo spika mnazofunga kwenye pikipiki, mtazilipia kwa masikio. Mungu akulindie nyaya zako zote mbili, usikie ukiitwa na watoto wako, na usimame wima mbele yao mpaka uzeeni.

Siku ya mwisho nilikwenda kliniki kwa baisikeli, fimbo bado naibeba kwa mazoea tu. Nilipiga hatua nimefumba macho, na nilipofungua nilimkuta daktari mbele yangu, pale pale nilipomwacha. “Neva yenyewe huenda haikupona yote,” akasema. “Ubongo wako ndio umejifunza kazi.” Nikampa mkono, nikatoka. Nilikuwa nimefika getini nesi akaita, “Bwana! Fimbo yako!”

Niligeuza kichwa kulia. Nikakigeuza kushoto. Miguu haikusimama wala kuyumba. Nikapanda baisikeli nikaenda, na ile fimbo sijairudia mpaka leo.