Nilijua Kwa Nini Gari Haiwaki, Nikanyamaza

Nimekosa, ndugu zangu. Sina wa kumsingizia. Naandika kwa sababu limenikaa kifuani na nyumbani halizungumzwi.

Nilikuwa na gari kuukuu. Asubuhi ukipiga funguo, inawaka mara moja. Lakini mchana wa jua kali, ikishachemka kisha ukaizima, haiwaki mpaka ipoe. Fundi aliniambia koili, ile inayotoa cheche za kuwashia injini, ndiyo inayokufa ikipata moto, niibadilishe. Sikuibadilisha! Nikajifunza ujanja: naweka kitambaa kilichorowa maji juu ya koili, nasubiri, inawaka.

Kisha nikamuuzia shemegi yangu Hamadi, mume wa mdogo wangu Asha. Nilimwita aje kuijaribu asubuhi na mapema, makusudi. "Injini safi hii, shemegi!" nilimwambia. Astaghfirullah!

Alikaa nayo siku chache tu, tena za mawingu. Jua liliporudi, mchana mmoja niko kwao Gando, binti yao Rukia akabanwa na pumu. Tukatoka mbio kumpeleka hospitali Wete. Asha nyuma na mtoto mapajani, Hamadi kwenye usukani, mie pembeni yake. Njiani Hamadi akasimama dukani kuchukua maji ya mtoto. Kwa mazoea, akazima gari.

Yarabi, na jua lile!

Aliporudi akapiga funguo. Injini inazunguka, haiwaki. Akapiga tena na tena. "Ina nini hii leo?"

Nilijua ina nini! Lakini nikisema, nimejifichua. Nikashuka, nikafungua boneti, nikajifanya natikisa nyaya za betri. "Labda chaji," nikasema. Muongo mkubwa mie!

Jua linachoma, barabarani hapapiti chombo, na kifua cha Rukia nakisikia kinavyopiga filimbi. Kila nikitaka kusema, naona nimeshachelewa. Na kadiri ninavyochelewa, ndivyo ulimi unavyozidi kuwa mzito. Nimesimama pale, sina pa kukimbilia.

"Kaka, midomo yake inageuka rangi!" Asha akapiga kelele.

Hapo nikavunjika. Nikavua shati, nikalirowesha kwa yale maji ya mtoto, nikalibandika juu ya koili bila hata kutafuta. Tukasubiri. Kusubiri kule sitaki kukukumbuka!

"Piga!" nikamwambia Hamadi. Ikawaka.

Rukia tulimuwahisha, alhamdulillahi, akatiwa hewa, akapona. Nje ya wodi Asha akanijia.

"Ulijuaje pa kuliweka shati?"

Nikamwambia kweli yote, tangu siku ya fundi.

"Gari nakusamehe, kaka. Lakini ulimsikia mwanangu anatafuta pumzi, ukanyamaza. Hilo siliwezi."

Gari nimeichukua, haki yao nimewarudishia. Haikusaidia kitu. Asha haji tena kwetu. Nikienda Gando, Hamadi ananipokea barazani kwa adabu zote, kahawa naletewa, ndani sikaribishwi. Rukia akinikimbilia, mamake humwita.

Ewe unayeuza chombo kibovu, sema ubovu wake! Na kama umeshaficha, usingoje mpaka upate njia nzuri ya kusema. Haipo! Mie niliitafuta njia hiyo huku mtoto akikosa pumzi.