Nani Aliichora Mbingu ya Imas

Katika studio yetu ya uchoraji hapa chuoni Yogyakarta, kila mtu alishukiwa kwa jambo lake. Huyu anaazima brashi, anarudisha kijiti. Yule ana dada Jakarta anayempa mawazo kwa simu. Mimi nilishukiwa kwamba nakuja kwa ajili ya feni tu, na sikuwahi kukanusha. Lakini Imas alishukiwa na wote kwa pamoja, tena kwa jambo zito: kwamba picha zake si yeye anayezichora.

Mashaka yalianza mwaka wa kwanza. Imas alitoka Cikareo, kijiji cha upande wa Bandung, ambako watu huishi kwa kuchora mandhari za kuuza. Mlima, mpunga, njia, mianzi pembeni, imekwisha, ikauke, ije nyingine. Picha moja hupita mikononi mwa nyumba nzima, kila mtu na sehemu yake. Baba yake, Mzee Odih, alikuwa mtu wa mbingu. Mjomba alikuwa wa mlima. Imas, tangu akiwa mdogo wa kusimama juu ya kigoda, alikuwa wa mianzi. Kwa hiyo tulipopewa zoezi la kuchora watu wakipumzika kwenye ua wa chuo, mianzi yake ilisimama kama ya fundi aliyezeeka na kazi, halafu watu waliokaa chini yake walikuwa viazi. Viazi vyenye miguu.

"Hii ni kazi ya watu wawili," alitangaza Seto, mwenzetu mwenye sauti ya hakimu na ndevu za mbuzi. "Mmoja anajua kuchora, mwingine ndiye aliyejiandikisha chuo."

Imas naye hakujisaidia. Akiulizwa mianzi ile kajifunza wapi, anajibu, "Nyumbani. Si tunachora wote." Jamani! Mtu anashukiwa kuiba kuku, anaulizwa manyoya haya ya nini, anajibu, si tunakula wote.

Maneno yakazunguka hadi mwaka wa mwisho, yakamfikia Mama Palupi, mwalimu aliyesimamia kazi zetu za mwisho. Mama Palupi huongea polepole kama anayechambua mchele, na akikutazama unaanza kukumbuka makosa ambayo hata hujayafanya. Hakumtuhumu Imas. Alimwambia tu kwamba kazi yake ya mwisho ataichora hapa hapa studio, mwanzo hadi mwisho, mbele ya macho ya watu. Akaisaini turubai, kile kitambaa cha kuchorea, kwa nyuma ikiwa bado nyeupe.

"Ukionekana mkono wa mtu mwingine humu," alisema, "shahada hakuna. Utarudi kijijini na mianzi yako."

Imas akachora muhula mzima, akibanwa na macho yetu. Alichora ua wa kwao: kamba imefungwa toka mti hadi mti, turubai zimeanikwa juu yake kama nguo, kuku wanapita chini, na mbingu kubwa imechukua nusu ya picha. Seto alihamisha stendi yake ya kuchorea akaielekeza kwake. Alikuwa akichora kidogo na kulinda sana. Imas akienda chooni, Seto anatazama saa.

Kitu kimoja kilinishangaza. Zile turubai saba zilizoanikwa kwenye kamba, ndani ya picha, aliziacha tupu kabisa.

"Mbona hizi hujazichora?" nikamuuliza.

"Ndiyo picha yenyewe hiyo," akasema. "Kwetu turubai tupu haimalizi dakika tano bila mtu kuirukia. Nataka niione walau mara moja ikiwa imetulia."

Siku moja kabla ya mtihani, Mzee Odih akafika kwa treni kutoka Bandung, ana kikapu cha samaki wa chumvi na chipsi za muhogo za kutosha kulisha idara. Akazunguka studio, akinusa rangi zetu kama mama mkwe aliyeingia jikoni kwa mtu. Imas akamkalisha mbele ya picha yake.

"Baba, pumzika hapa. Nafuata fremu kwa seremala, hapo nje ya geti."

"Nimekaa kwenye kiti usiku kucha. Nimechoka kupumzika."

Tukaenda mimi na Imas, maana fremu ilikuwa kubwa. Seremala akatuchelewesha kwa hadithi za ndoa yake. Tuliporudi, Mzee Odih alikuwa amesimama, brashi moja sikioni na nyingine mkononi, anarudi nyuma hatua moja kuikagua kazi. Turubai zote saba zilikuwa zimejaa. Mlima, mpunga, njia. Mlima, mpunga, njia. Zilivyokuwa safi, ungesema zimechapwa kiwandani.

"Umeacha kazi hivi na mtihani ni kesho," akasema kwa upole. "Nimekumalizia."

Kona ya pili, Seto alikuwa ameinua simu.

"Endeleeni," akasema. "Mimi sipo."

Imas aliweka fremu chini taratibu sana. "Baba. Umechora kwenye picha yangu."

"Sasa nichore kwenye ya nani? Ya huyu?" Akaelekeza brashi kwenye kazi yangu. "Hiyo ni mgonjwa. Iachwe ilale."

Hakuwa na ubaya. Kule Cikareo, kukaa mikono mitupu mbele ya turubai ya mwanao ambayo haijakwisha ni kama kumtazama mtu akibeba gunia peke yake.

"Rangi bado mbichi," nikamnong'oneza Imas. "Tapentaini na kitambaa, kabla hatujamaliza kahawa imeshatoka."

"Futeni," akasema Seto, simu iko palepale. "Hiyo nayo nitairekodi."

Imas akamshika baba yake mkono, wakaenda moja kwa moja ofisini kwa Mama Palupi. Nami nikafuata, kwa sababu nilikuwa shahidi, na pia kwa sababu nisingeikosa kwa lolote. Seto nyuma yetu.

Mama Palupi alisikiliza yote bila kupepesa macho.

"Na kwa nini umekuja kunieleza kabla sijakuuliza?"

"Kwa sababu Seto anayo kwenye simu, Mwalimu."

"Kwa hiyo asingekuwa na simu, usingekuja?"

Imas akafikiri. "Ningekuja. Ila ningetembea polepole."

Tukarudi wote studio. Mama Palupi akasimama mbele ya picha, mikono nyuma.

"Mzee, zako ni zipi?"

Mzee Odih akaonyesha zile saba, moja moja.

"Hizi tu?"

"Hizi tu. Muda ulikuwa mdogo."

"Nasikia nyumbani kwenu wewe ndiye mtu wa mbingu."

"Tangu sijaoa, Mama."

"Basi na mbingu hii ni yako."

Niliona kidole cha Imas kikikwangua rangi iliyokauka kwenye suruali. Mbingu ile ilikuwa na rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani, imekwaruzwa kwa kisu toka pembe hadi pembe. Kama mzee angesita kidogo tu, au angemtetea binti yake kidogo tu, kazi ingekuwa imekwisha. Mzee akavaa miwani. Akasogea. Akarudi nyuma. Akavua miwani.

"Mama, mimi ni mgeni wako. Naomba heshima."

"Nimeuliza tu."

"Hii? Hii mbingu? Haya si maji ya kuoshea vyombo haya? Tazama hapa, imekwaruzwa kama mlango wa mbwa. Shemeji yangu ana duka la picha, nikimpelekea kitu hiki atanifungia mlango."

"Baba," akasema Imas.

"Ngoja, nimeulizwa. Na huyu kuku? Huyu ana miguu mitatu."

"Anatembea, Baba. Ule ni mwendo."

"Anatembea kwenda kwa daktari."

Mama Palupi alijifunika mdomo kwa faili. Imas alikuwa amevimba, sikujua kama atalia au atarusha kopo la rangi. Miaka yote ile, huyu ndiye mtu wa kwanza kuitazama kazi yake na kuamini kabisa kwamba ni yake.

"Hizo saba zitoke," akasema Mama Palupi hatimaye. "Kesho asubuhi njoo kwenye mtihani." Kisha akageuka. "Na wewe Seto, yako iko wapi?"

Turubai ya Seto ilikuwa na sikio moja na nusu ya pua.

"Wameigiza wale," Seto aliniambia mlangoni. "Wamefanya mazoezi kwa simu." Hadi leo anaamini hivyo.

Imas akafuta mwenyewe. Baba yake alisimama pembeni na kikapu chake.

"Hata huu wa mwisho? Mlima umekaa vizuri."

"Hata huo, Baba."

Buluu ya ile milima haikutoka yote. Ilibaki kwenye nyuzi za turubai, hafifu, kama jasho kwenye shati. Kesho yake watahini waliishupalia. Ni nini hiki? Imas akawaambia ni milima, baba yake alipita hapo, yeye akamfuta. Wakatazamana kama watu wanaouziwa simu ya wizi. Wakamwambia achanganye rangi ya ile mbingu mbele yao. Akachanganya, ikatoka mbaya vilevile. Wakampa alama ya mtu anayeshukiwa lakini hajakamatwa. Alama ya kufaulu.

Jioni tulimsindikiza mzee kituoni.

"Umefaulu?"

"Nimefaulu, Baba."

"Kwa picha ile ile? Hukuongeza kitu?"

"Ile ile."

Mzee akatazama kushoto, akatazama kulia, akamvuta bintiye nyuma ya nguzo ili mimi nisisikie. Lakini sauti yake ni ya sokoni, haijui kunong'ona.

"Mwanangu, mimi ni baba yako, sitamwambia mtu. Yule mama ulimpa nini?"