Picha Tatu za Mpakani

Mtaa mzima ulimwita Mama Picha. Kwa miaka ishirini na moja alipiga picha za vitambulisho na za harusi katika chumba kimoja chenye pazia la bluu. Vita vya mpakani vilipoanza, akawapiga picha vijana waliokuwa wakienda jeshini, vifua wametunisha, akazipanga picha zao dirishani. Wapita njia walisimama wakapiga makofi. Hata yeye alishangilia, maana mdogo wake wa mwisho alikuwa huko.

Mwezi wa saba, askari aliyekuja likizo akamletea salamu za huyo mdogo wake, pamoja na filamu ya picha ambazo mdogo huyo alizipiga huko, imeviringishwa ndani ya soksi. Akaisafisha asubuhi hiyohiyo. Humo hakuna aliyetunisha kifua. Askari walikuwa wamesinzia wameketi kwenye tope. Wanawake wa upande wa pili wa mpaka walipanga foleni ya maji, na askari mmoja, kakonda, miguu peku, alimshikia bibi kizee ndoo.

Alilia kwanza. Kisha akachapisha tatu kubwa, akaziweka dirishani mahali pa zile za zamani.

Jirani yake muuza nyama akaja juu. "Dada, unawavunja watu moyo."

"Sijaandika neno hata moja, kaka yangu. Tazama, halafu uniambie nitoe ipi."

Akatazama. Alipofika kwenye ile ya ndoo, akagusa kioo kwa kidole. "Huyu ni mwanangu," akasema.

Kesho yake alikuja na mkewe, na keshokutwa wazazi wengine wakaja kutafuta sura za watoto wao. Redio ilikuwa imewaahidi ushindi wiki baada ya wiki. Sasa wakaanza kuulizana ushindi huo ni wa nini. Mama Picha akawachapishia nakala mpaka karatasi zikamwishia, wakazipeleka kwa mbunge. Mbunge hakuwahutubia. Alizitazama moja moja, akaomba abaki nazo.

Miji mingine nayo ilikuwa na picha zake, na magazeti yakazitoa. Baada ya miezi minne wakubwa wa pande zote mbili wakaketi kuzungumza, bunduki zikanyamaza.

Watu wakimsifu, Mama Picha hukataa katakata. Husema yeye aliwaonyesha tu, kuacha kushangilia waliamua wenyewe.

Mdogo wake alirudi na kikohozi kibaya, akalala siku mbili mfululizo. Siku ya tatu aliamka, akaoga, akaulizia chai.