Umeme Ulipokatika Saluni kwa Mama

Harufu ya mafuta ya mashine ya kunyolea hunirudisha Mbulu, kwenye saluni ndogo ya mama. Asubuhi moja umeme ulikatika akiwa amemnyoa bwana harusi nusu ya kichwa.

"Mama, nitaingiaje kanisani hivi?" kijana aliuliza, karibu kulia.

Mama alimmalizia kwa wembe na maji ya baridi. Kijana akaenda kufunga ndoa na mikwaruzo kisogoni.

Baadaye mama aliuza mtamba wake wa ng'ombe, akanunua sola.

"Jua lenyewe liko wapi na ukungu huu?" baba aliguna.

Mama aliifunga sola juu ya paa la saluni. Umeme ulipokatika tena, mtaa mzima ulinyamaza, lakini mashine yake iliendelea kuvuma. Akaizima mwenyewe, akaiwasha tena, akatutazama sisi watoto, akacheka.