Gorogoro ya Kumi na Sita

Nakumbuka siku moja ya soko pale Ahero, foleni yangu ikiwa ndefu kuliko zote, nami nafilisika huku nikicheka.

Mwanangu, niliacha shule mapema, miguu ikiniwasha. Nilikuwa nimeosha magari ziwani Kisumu, nimepanda mpunga, na yote nimeyachoka. Kisha nikauza baiskeli yangu, mali pekee niliyokuwa nayo, nikaanza kununua omena, wale samaki wadogo wa kuanika, kule ziwani Luanda Kotieno, na kuwauza Ahero kwa gorogoro, lile kopo la kupimia. Nikajiambia: hii ikinishinda, narudi kuzurura.

Huku kwetu mteja hapimiwi tu. Hupewa na nyongeza. Wenzangu walitoa kiganja kimoja. Mimi, kwa kupenda sifa (na ujana ni moshi), nilitoa viwili vilivyofurika. "Huyu ana roho!" akina mama walisema. Gunia liliisha kabla ya saa sita, lakini pesa ya baiskeli ilizidi kuyeyuka. Nikadhani wavuvi wananipunja.

Mama Akinyi, aliyeuza omena meza ya pili, alinitazama majuma matatu, kisha akashindwa kunyamaza.

"Bwana, wewe unalisha Ahero nzima. Wewe unalishwa na nani?"

"Mama, si unaona wateja?"

"Naona! Hata mimi kesho nitanunua kwako, niuze kwangu."

Watu wakacheka, nami nikaona haya. Akanifanya nipime gunia zima juu ya turubai. Gorogoro ishirini. "Kumi na mbili ni bei ya omena yenyewe," alisema. "Mbili nauli na mbebaji. Moja ushuru wa soko. Moja tumbo lako, ama wewe huli? Hizo kumi na sita si zako. Na viganja vyako vinamaliza tano." Nikahesabu kwa vidole. Nilikuwa nauza kumi na tano. Haba na haba hujaza kibaba, mwanangu, na haba na haba hukimwaga pia.

Juma lililofuata nilitoa kiganja kimoja. Wateja wawili walininunia, mmoja akaondoka. Mvua ilikuwa imeharibu gorogoro nzima ya omena, ikabidi niitupe. Lakini jioni, nilipompimia mteja wa mwisho, gorogoro yake ilikuwa ya kumi na sita. Niliruka nikaimba.

"Umepata nini?" aliuliza Mama Akinyi.

"Sijapata kitu! Na sijapoteza kitu!"

Akacheka hadi akashika mbavu, akaniambia, "Sasa umeanza biashara." Sikurudi kuzurura, walau si mwaka huo.

Basi wewe unayefungua kibanda cha chapati pale Kisian, usikimbilie faida kabla hujaijua chapati ya mwisho ya kurudisha gharama ya unga, mafuta, makaa na jasho lako. Mali bila daftari huisha bila habari. Ukifika hapo bila kupata wala kupoteza, usione aibu. Furahi, maana sasa umesimama kwa miguu yako. Ukarimu usiuache, ila utoe kilicho chako. Mungu akujalie mkono unaojua kutoa na kujua kukoma, wateja wako wacheke, nawe ucheke nao ukiwa umeshiba.