Kofia Nyekundu ya Kilimani

Siku ile hainitoki, mwanangu, na kwa kuwa kesho unaondoka kwenda ugenini, acha nikusimulie. Ulikuwa na miezi saba. Nilikuacha kwa bibi yako Mkwajuni, nikaenda Japani majuma matatu kwa mwaliko wa Keiko, mwalimu aliyewahi kufundisha kwetu Tunduma. Kwao ni mji mdogo wa pwani wenye mahekalu ya kale.

Mchana mmoja yeye na mama yake walinipandisha kilimani kwenye hekalu mojawapo. Nyuma yake palikuwa na visanamu vya mawe, vingi mno, kimo cha watoto wanaojifunza kusimama, vyote vimevishwa kofia nyekundu za kufumwa. Katikati yavyo zimechomekwa feni za karatasi za kuchezea watoto. Upepo haukuwepo kabisa. Kimya cha pale sikukipenda.

Kofia moja ilikuwa imeanguka chini. Mimi nilikuwa muuza mitumba, mwanangu. Jicho langu lilizoea kuchambua marobota pale mpakani, na nguo iliyodondoka njiani tuliihesabu ya aliyeiona kwanza. Nikaigeuza, nikakagua mshono, nikakufikiria wewe. Nikaitia mkobani.

Feni zikaanza kuzunguka, zote kwa pamoja. Kitenge changu hakikutikisika.

Mama yake Keiko akasimama, akautazama mkoba wangu, akasema maneno machache kwa upole. Keiko akanitafsiria.

"Anasema kofia hiyo ina mtoto wake. Kila kisanamu hapa ni cha mtoto aliyefariki, na mama aliyeifuma hakujaliwa kumlea wake. Anakuuliza, dada, wa kwako yuko hai?"

Niliogopa, sikufichi. Niliitoa kwa mikono miwili, nikakivisha kile kisanamu kilichobaki kichwa wazi, nikapiga magoti na kuomba radhi kwa Kiswahili, maana lugha nyingine sikuwa nayo. Feni zikatulia moja moja.

Niliporudi Mkwajuni, kabla sijamwambia bibi yako lolote, akanieleza kwamba siku hiyohiyo ulilia asubuhi nzima, saa ambazo Japani ni mchana, ukijivuta kichwani kama mtu anayevua kitu. Na hukuwa umevaa chochote kichwani.

Basi huko uendako, penye watu walioinamisha vichwa, inamisha na chako kwanza, maswali baadaye. Usiokote kitu kabla ya kumuuliza mwenyeji, wala usiseme hakina mwenyewe kwa sababu tu humwoni. Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie, akufunike kichwa chako, akurudishe kwangu ukiwa hai.