Kanda za Mvunguni kwa Mama Mkwe

Ilikuwa mwaka wa tisini na saba. Hapana, nadanganya, ni tisini na tisa, maana ndio mwaka niliostaafu udereva.

Katika ofisi yetu ya maji palikuwa na fundi wa kompyuta, mpole, tukimwita Bwana Kanda. Kila Ijumaa alinakili kumbukumbu zote, za wateja na za sisi wafanyakazi, kwenye kanda zenye ukubwa wa kipande cha sabuni, kila kitengo na kanda yake. Masharti yalikuwa zikae mbali na ofisi, pakavu, penye ubaridi. Kwake chumba cha namna hiyo kilikuwa kimoja tu, cha mama mkwe. Kwa heshima alimkabidhi mlangoni, mama akazipanga mwenyewe sandukuni, mvunguni mwa kitanda. Kuzijaribu kama zinasomeka, hilo hakuna aliyelikumbuka.

Siku moja bomba likapasuka juu ya kompyuta. Ofisi ya maji, tukamalizwa na maji! Meneja akamwambia Bwana Kanda, "Zisiposomeka, wewe na kanda zako mwende nyumbani pamoja."

Nikampeleka kwake mbio.

"Shikamoo, mama. Tumefuata lile sanduku."

"Marahaba. Mgongo unaniuma, ingia utoe mwenyewe. Kumbe miaka yote nalalia ofisi ya watu, na mshahara sijauona!"

Bwana Kanda akapiga magoti, akavuta. Juu ya sanduku imekaa redio, kubwa kama mbuzi.

"Mama! Redio tena?"

"Nawaficha wajukuu, wanachezea vitufe."

"Spika yake ina sumaku, mama. Sumaku inafuta kanda!"

"Mbona yenyewe haijajifuta? Asubuhi tu imeimba."

Njiani alilipakata sanduku kama mtoto mwenye homa. "Dereva, matuta! Taratibu, ndugu yangu, hapa umebeba ugali wangu."

Kwenye kompyuta ya kuazima, mtambo wa kusomea ukameza kanda ya kwanza, ukanguruma, majina yakaanza kushuka. Ya pili, ya tatu, vilevile. Wateja wote wakarudi, hata wale waliokuwa wanaomba wapotee moja kwa moja. Ya mwisho, iliyokuwa juu kabisa chini ya redio, mtambo ukaitema. Ukalishwa tena, ukaitema tena.

"Ilikuwa na nini?" meneja akauliza.

"Madereva," akasema Bwana Kanda, jasho linamtoka.

Meneja akacheka mpaka akavua miwani. "Madereva si wapo hai? Waulize wenyewe. Ila redio ya mama yako itafutiwe kabati."

Hivyo kibarua chake kikapona. Akatuita mmoja mmoja. Wenzangu walitaja tarehe zao upesi. Mimi nikasema nilianza sabini na nne. Hapana, sabini na sita, mwaka wa lile lori la kijani. Au lori lilikuja kabla? Bwana Kanda, mtu asiyependa shaka kwenye kumbukumbu, akaacha pengo.

Nilipostaafu, mashine ikanitolea barua nzuri, yenye muhuri: "Kuanza kazi: bado."

Niliipeleka kwa meneja, kwa Bwana Kanda, hata kwa mama mkwe wake. Wote walicheka tu. Sasa kama bado sijaanza kazi, mimi nimestaafu nini?